Kumkamata Samaki Mkorofi katika Tangi la Matumbawe

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba kila mnyama huhitaji chakula, hewa ya oksijeni na mahali pa kukaa. Ulijifunza pia kwamba wanyama wanaokaa mahali pamoja hushindana ili wavipate vitu hivyo. Katika somo hili utachunguza mashindano yanayotokea katika nafasi ndogo sana, yaani ndani ya tangi la kioo. Utajifunza namna ya kumtoa samaki mmoja katika tangi hilo bila kuwadhuru wenzake. Kisha utatengeneza mtego kwa chupa tupu, na kuujaribu wewe mwenyewe.

1. Tangi la matumbawe

Je, umewahi kufika pwani wakati maji yamekupwa, ukaitazama miamba ya matumbawe? Miamba ya namna hiyo ipo katika sehemu nyingi za pwani yetu, kwa mfano kando ya visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Mtu asiyejua huweza kudhani kwamba tumbawe ni jiwe tu. Sivyo. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wenye miili laini, ambao hujijengea nyumba ngumu ya chokaa. Ndani ya miili ya wengi wao hukaa vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Vijimea hivyo hutengeneza chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, na sehemu ya chakula hicho hutumiwa na tumbawe. Ndiyo sababu matumbawe mengi hustawi mahali penye maji maangavu yanayopitisha mwanga.

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wako watu wengi wanaofuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe hai nyumbani mwao. Wengi wao wanakaa mbali na bahari yenye joto. Kwa hiyo hulazimika kutengeneza bahari ndogo ndani ya tangi la kioo. Bahari hiyo ndogo huhitaji mambo haya:

(a) Maji yenye chumvi ya bahari, karibu gramu 35 katika kila lita moja.
(b) Joto lisilobadilikabadilika, kati ya digrii 24 na 27 za Selsiasi.
(c) Taa zenye mwanga mkali badala ya jua.
(d) Pampu ya kuyasukuma maji ili yasitulie kama ya kisimani.
(e) Mawe yaliyojaa matundu, ambamo hukaa bakteria wengi.

Huenda ukauliza, bakteria hao wana kazi gani? Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Amonia ni sumu kwa samaki. Bakteria walio katika mawe huibadili amonia hiyo mpaka ikawa kitu chenye madhara machache zaidi. Kwa hiyo mawe yaliyo ndani ya tangi si pambo. Ni chujio la maji, ni maficho ya samaki, na ni mahali matumbawe yanaposhika ili yakue. Yaweke maneno haya akilini, kwa maana tutayahitaji mbele.

2. Mwenyeji na wageni

Sasa fikiri kwamba umekabidhiwa tangi la lita 200 ulitunze. Ndani yake mna mawe yaliyopangwa vizuri, matumbawe yenye rangi mbalimbali, na samaki mmoja tu. Samaki huyo ni mweusi. Ana doa jeupe kwenye paji la uso, na doa jingine jeupe katika kila ubavu. Tutamwita samaki wa madoa matatu. Wataalamu humwita *Dascyllus trimaculatus*. Asili yake ni miamba ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki. Anapokuwa mdogo hujificha kati ya mikono ya anemoni wa baharini. Huyu ni mnyama laini anayefanana na ua, na mikono yake huwasha. Samaki huyu akikua huweza kufikia urefu wa sentimita 11, na madoa yake hufifia.

Samaki huyu alipoletwa alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Kila mtu alimpenda. Sasa amekaa katika tangi hilo mwaka mzima, na amekua. Leo unawaleta samaki wengine wawili wadogo wenye rangi ya chungwa. Unawatia katika tangi, unazima taa, unakwenda kulala.

Asubuhi unawakuta wageni wamejibanza kwenye pembe ya juu, karibu na pampu. Mapezi yao yamechanika. Unapowatupia chakula, hawathubutu kutoka. Mmoja akijaribu kusogea, samaki wa madoa matatu humjia kama mshale na kumrudisha pembeni. Hali hii ikiendelea, wageni hao watadhoofika kwa njaa na kwa hofu. Vidonda vyao huweza kuingiwa na maradhi, na mwishowe watakufa. Huna budi kufanya jambo.

3. Kwa nini samaki huyu anawafukuza wenzake?

Sisi tumemwita mkorofi. Lakini neno hilo ni la wanadamu. Samaki hana nia mbaya, bali anafanya kama alivyozaliwa kufanya. Wafikirie samaki wa aina hii wanapoishi baharini. Kila mmoja huchagua mahali penye maficho na chakula, na hupalinda. Dume husafisha jiwe ili jike atage mayai juu yake. Kisha huyalinda mayai hayo na kuyapepea kwa mapezi yake ili yapate maji yenye oksijeni. Dume asiyewafukuza wageni hupoteza mayai yake, kwa sababu samaki wengine huyala. Mahali ambapo mnyama hupalinda namna hiyo huitwa *himaya* yake.

Baharini, samaki aliyefukuzwa hukimbia akaenda kutafuta mahali pengine. Ugomvi huishia hapo. Katika tangi la kioo mambo ni tofauti. Aliyefukuzwa hukimbia, akafika kwenye kioo, akakwama. Yule mwenye himaya anamwona bado yupo, kwa hiyo anaendelea kumfukuza mchana kutwa. Tangi zima limekuwa himaya yake, na mshindwa hana pa kukimbilia.

Basi kosa si la samaki. Kosa ni la aliyewaweka pamoja mahali padogo bila kuzijua tabia zao.

4. Chunguza kabla ya kutenda

Mvuvi hodari haanzi kwa kutupa wavu. Huanza kwa kutazama. Kaa mbele ya tangi kwa muda wa robo saa asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Usigongegonge kioo. Andika katika daftari lako majibu ya maswali haya:

(a) Samaki wa madoa matatu analala katika tundu lipi?
(b) Anapita njia ipi akitoka na akirudi?
(c) Ukitia chakula, ni nani hufika kwanza?
(d) Anakula juu ya maji, katikati, au chini?
(e) Akishtuka, anakimbilia wapi?

Baada ya siku tatu utaona jambo moja. Samaki huyu harandi ovyo. Ana tundu lake, ana njia zake, na ana saa zake. Aghalabu yeye ndiye hukifikia chakula kwanza, kwa sababu wengine wanamwogopa. Habari hizi zitakusaidia kuliko wavu wowote.

5. Kwa nini wavu haufai?

Mtu mwenye haraka huchukua wavu mdogo wenye mpini, akauchovya katika tangi, akaanza kumkimbiza samaki. Mara nyingi hashindi. Zipo sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni hisi za samaki. Katika kila ubavu wa samaki upo mstari mwembamba wa vitundu vidogo, kutoka kichwani mpaka mkiani. Kwa mstari huo samaki huhisi maji yanaposukumwa. Wavu unapoingia majini husukuma maji mbele yake. Hivyo samaki huhisi kwamba kitu kikubwa kinakuja, hata kabla wavu haujamkaribia.

Sababu ya pili ni mawe. Mawe yamejaa matundu ambayo samaki huyajua yote. Hahitaji kwenda mbali. Huingia katika ufa mmoja na kutokea kwingine, na wavu hauwezi kumfuata.

Sababu ya tatu ni kubwa kuliko zote. Wavu hunasa kwenye matumbawe na kuyavunja. Matumbawe mengine yenye umbo la matawi hukua upesi kidogo. Lakini yale yenye umbo la mviringo huweza kukua sentimita 1 tu, au pungufu, kwa mwaka mzima. Kipande unachokivunja kwa dakika moja ya hasira huenda kilichukua miaka mingi kukua.

Wengine huamua kuyatoa mawe yote ili samaki akose maficho. Njia hii humkamatisha samaki, lakini kumbuka tuliyoyasema juu ya mawe. Ukiyatoa, unayatibua mabaki yaliyotuama chini, unayakausha matumbawe, na unawasumbua bakteria wanaosafisha maji. Kwa ajili ya samaki mmoja unawatia hatarini wote. Njia hii iwe ya mwisho kabisa.

6. Fundisho la dema

Wavuvi wa pwani yetu wameijua njia bora tangu zamani. Kwenye miamba ya matumbawe nyavu hunasa na kuraruka. Kwa hiyo hutumia *dema*. Dema ni mtego mpana uliosukwa kwa fito au mianzi iliyopasuliwa. Mvuvi hutia chambo ndani yake, hulizamisha kwa mawe karibu na mwamba, kisha huondoka. Baadaye hurudi kulipandisha.

Siri ya dema imo katika mlango wake. Mlango huo ni mpana upande wa nje na mwembamba upande wa ndani, nao umechomoza kuingia katikati ya dema. Samaki akifuata harufu ya chambo, kuta za mlango humwongoza mpaka kwenye tundu, naye hupenya. Akiwa ndani hutaka kutoka. Lakini samaki aliyefungiwa huogelea akifuata kuta. Tundu haliko kwenye ukuta, bali lipo katikati, mbali na kuta. Kwa hiyo hulipita mara nyingi bila kuliona.

Angalia vizuri. Dema halimkimbizi samaki, wala halitumii nguvu. Linatumia tabia ya samaki mwenyewe. Mtego wa tangi la matumbawe hutengenezwa kwa kanuni iyo hiyo.

7. Fanya hivi: Mtego wa chupa

Vifaa: chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita 1 na nusu kila moja, kisu au mkasi, msumari, uzi imara usio na rangi inayochuja, mawe madogo safi, chambo.

*Tahadhari: Kazi ya kukata na ya kutoboa ifanywe na mwalimu, au mbele ya mwalimu.*

1. Ondoa kifuniko cha chupa ya kwanza. Kata chupa hiyo chini kidogo ya mabega yake, ili upate vipande viwili.
2. Geuza kipande cha juu, ukitie ndani ya kipande cha chini, mdomo ukielekea ndani. Sasa una mlango kama wa dema.
3. Toboa matundu madogo pembeni mwa vipande vyote viwili, kisha vishone pamoja kwa uzi. Usitumie waya. Waya wa chuma hushika kutu, na shaba huwadhuru matumbawe na anemoni.
4. Toboa matundu mengine mengi katika mwili wa chupa. Maji yatapita humo, nayo yataleta oksijeni na kueneza harufu ya chambo.
5. Lainisha kingo zote ili zisimkate samaki.
6. Tia mawe mawili au matatu ndani ili mtego uzame. Funga uzi mrefu wa kuuvutia.

Chukua chupa ya pili. Ondoa kifuniko, ikate vivyo hivyo, lakini usiirudishe sehemu ya juu. Itoboe matundu na kuitia mawe kama ile ya kwanza. Chupa hii haina mlango wa dema. Kazi yake ni kukusaidia kulinganisha.

Sasa tia chambo sawa katika chupa zote mbili, kwa mfano vipande vya ugali. Nenda pamoja na mwalimu wako kwenye bwawa au kijito chenye samaki wadogo. Zishushe chupa zote mbili kutoka ukingoni kwa uzi, kwa umbali wa hatua tatu kati yao. *Usiingie majini*, kwa sababu maji yaliyotuama huweza kuwa na vimelea vya kichocho. Ngoja nusu saa. Zivute chupa taratibu, uwahesabu samaki waliomo, kisha uwarudishe majini pale pale ulipowatoa.

Andika matokeo yako. Je, ni chupa ipi iliyowazuia samaki wengi? Rudia jaribio mara tatu. Kwa nini hatutosheki na jaribio moja tu?

8. Kutega katika tangi

Turudi kwenye tangi lako. Samaki wa madoa matatu ana mwili wa kimo kirefu, kwa hiyo mdomo wa kawaida wa chupa hautamtosha. Itakubidi ukate shingo ya chupa ili tundu liwe pana kidogo kuliko mwili wake. Ukilipanua mno, atatoka kama alivyoingia. Mtego wa kutia katika tangi uwe mpya na msafi. Usitumie ule uliozamishwa bwawani.

Fuata hatua hizi:

*Siku ya kwanza.* Chomoa nyaya za umeme za vifaa vilivyo ndani ya maji kabla hujatia mkono, kisha uzirudishe ukimaliza. Vaa glavu, kwa sababu anemoni na baadhi ya matumbawe huwasha. Weka mtego karibu na njia anayopita samaki, lakini usiuweke juu ya tumbawe. Usitie chambo. Samaki wote wataukwepa, kwani ni kitu kigeni.

*Siku ya pili na ya tatu.* Tia chakula kidogo mbele ya mlango wa mtego. Utamwona samaki wa madoa matatu akija, akichukua, akikimbia. Kadiri saa zinavyopita, atakaa karibu kwa muda mrefu zaidi. Samaki anajifunza kwamba kitu hiki hakimdhuru.

*Siku ya nne.* Asubuhi usiwape samaki chakula. Samaki mwenye afya hatadhurika kwa kukosa mlo mmoja. Jioni tia ndani ya mtego kipande cha kamba mbichi, kisha ukae mbali kidogo na kutazama. Wale wadogo wanaogopa kukaribia. Yeye haogopi, kwa maana amezoea kula kwanza. Tabia ile ile iliyowatesa wenzake ndiyo itakayomtia mtegoni.

Ikiwa ameingia samaki mwingine, usikasirike. Mfungulie, kisha utege tena. Kamwe usiuache mtego wenye chambo usiku kucha bila mtu kuutazama. Samaki aliyenaswa huweza kujiumiza kwa kuhangaika, na chambo kinachooza huchafua maji.

Samaki wako anapoingia, usiruke wala usipige kelele. Vuta uzi taratibu mpaka mtego ukaribie uso wa maji. Kinga bakuli chini yake ili samaki abaki ndani ya maji, kisha umhamishie katika ndoo. Ndoo hiyo uwe umeijaza mapema *maji ya tangi lile lile*. Kwa nini maji yale yale? Kwa sababu samaki huvuta oksijeni kwa matamvua, na mwili wake umezoea chumvi na joto la maji hayo. Mabadiliko ya ghafula huweza kumwua. Funika ndoo kwa kitambaa, kwani samaki aliyeshtuka huruka.

9. Ikiwa mtego umeshindwa

Samaki wengine ni waangalifu mno. Basi jaribu mojawapo ya njia hizi:

(a) *Kioo cha kujitazamia.* Simamisha kioo nje ya tangi, nyuma ya mtego. Samaki mwenye himaya akiiona sura yake hudhani ni mgeni, naye huja kuifukuza. Akiwa anapigana na sura yake, huusahau mtego.

(b) *Giza.* Usiku samaki wengi wa mchana hupumzika. Ikiwa unalijua tundu lake, mmulike ghafula kwa tochi. Kwa muda mfupi huzubaa, na hapo huweza kukingwa kwa wavu.

(c) *Kupanga mawe upya.* Pengine si lazima kumtoa kabisa. Mtenge katika kisanduku chenye matundu ndani ya tangi kwa siku kadhaa, huku ukibadili mpango wa mawe machache. Akirudishwa, atakuta njia zake zimepotea na wageni wameshazoea. Yeye naye atakuwa kama mgeni. Njia hii hufaulu mara nyingine, lakini si mara zote.

10. Je, apelekwe wapi?

Sasa samaki yumo ndani ya ndoo. Utamfanya nini? Hili ni swali kubwa kuliko lile la kumkamata.

Unaweza kumrudisha kwa aliyekuuzia. Unaweza kumpa mtu mwenye tangi kubwa, ambamo atakuwa na himaya yake bila kuwatesa wengine. Lakini liko jambo moja usilopaswa kulifanya hata kidogo: usimtupe baharini, mtoni, wala katika mfereji.

Sikiliza yaliyotokea Marekani. Yuko samaki mwenye mistari myekundu na myeupe, mwenye miiba mirefu yenye sumu, ambaye Waingereza humwita samaki-simba. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Watu walimpenda kwa uzuri wake, wakamfuga katika matangi. Mwaka 1985 samaki-simba alionekana katika bahari ya pwani ya Florida, ambako hakuwako kamwe. Wataalamu wanaamini kwamba wafugaji walikuwa wamewaachilia baharini samaki waliowachoka. Mwanzoni hakuna aliyejali. Lakini katika bahari ile ngeni samaki-simba hakuwa na adui wengi, na samaki wadogo hawakujua kumkimbia. Aliwala, akazaana. Baada ya mwaka 2000 alienea upesi katika pwani ya mashariki ya Marekani, visiwa vya Bahama, Bahari ya Karibi na Ghuba ya Meksiko. Hadi leo watu wa huko wanahangaika kumpunguza, wala hawajaweza kummaliza.

Sisi nasi tunayo habari inayofanana na hiyo. Sangara waliletwa na watu katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Wamewapa wavuvi samaki wengi wa kuuza. Lakini pia waliwala furu wadogo waliokuwa wamejaa katika ziwa hilo, na aina nyingi za furu zimetoweka.

Hata samaki ambaye asili yake ni bahari ya karibu asirudishwe humo baada ya kukaa katika tangi. Huweza kuwa amepata maradhi kutoka kwa samaki wa mbali, akayapeleka baharini.

11. Mambo ya kukumbuka

- Tumbawe ni mnyama. Hukua polepole na huvunjika upesi.
- Samaki huwafukuza wengine ili kulinda chakula, maficho na mayai yake.
- Katika tangi aliyeshindwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo mtunzaji hana budi kuingilia kati.
- Mtego mzuri hutumia tabia ya mnyama, wala hautumii nguvu.
- Kabla ya kununua samaki, uliza: Atakua kiasi gani? Anaweza kukaa na nani?
- Samaki wa tangi hatupwi katika maji ya asili.

Zoezi

A. Jibu maswali haya katika daftari lako.

1. Kwa nini matumbawe katika tangi huhitaji taa yenye mwanga mkali?
2. Taja kazi tatu za mawe yaliyo ndani ya tangi.
3. Samaki huhisije kwamba wavu unakuja?
4. Eleza kwa nini samaki aliyeingia katika dema hushindwa kutoka.
5. Kwa nini mtego wa chupa hutobolewa matundu mengi?
6. Katika jaribio lako, chupa isiyo na mlango wa dema ilikuwa na kazi gani?
7. Tangi lina lita 200 za maji. Ikiwa kila lita huhitaji gramu 35 za chumvi ya bahari, zitahitajika kilo ngapi?
8. Tumbawe lenye umbo la mviringo limekua sentimita 1 kila mwaka. Kipande cha sentimita 9 kimevunjika. Kilichukua miaka mingapi kukua?

B. Jadilianeni darasani.

Mwenzako anasema, "Samaki mmoja tu akitupwa baharini hawezi kudhuru chochote, kwa maana bahari ni kubwa." Mtamjibu nini?

C. Kazi ya nyumbani.

Chagua mnyama mmoja anayeishi karibu na nyumba yenu, kwa mfano jogoo, mjusi au ndege. Mtazame kwa siku tatu. Je, ana mahali anapopalinda? Humfukuza nani, na humwacha nani? Andika uliyoyaona, na uchore ramani ya himaya yake.